Nilibadilishwa lenzi za macho ili niachane na miwani, sasa usiku taa zote zina pete. Nikubali leza au nisubiri?

Kipepeo54

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri, hasa wa waliopitia haya.

Nina miaka 54. Mtoto wa jicho sikuwa naye. Nilikuwa na miwani minene ya kuonea mbali tangu nasoma shule, na baada ya arobaini ikaongezeka ya kusomea. Nikachoka. Nikaelezwa kuna upasuaji wa kutoa lenzi ya asili na kuweka ya bandia, ule ule wanaofanyiwa wenye mtoto wa jicho, ila mimi ningefanyiwa kwa hiari. Nikawekewa lenzi za maltifokali macho yote mawili, za kuona mbali, kati na karibu bila miwani.

Sasa ni miezi kadhaa. Mchana kweupe naona vizuri, hilo sikatai, na simu nasoma bila kuhangaika. Shida ni giza likiingia. Kila taa ya gari inayokuja imezungukwa na pete na miale, kama utando wa buibui uliomulikwa tochi. Kuendesha usiku nimeacha. Ngazi zenye mwanga hafifu nashuka kwa kupapasa na mguu maana ukingo wa kidato siuoni unapoishia. Maandishi ya kijivu kwenye karatasi nyeupe ndiyo kabisa. Jicho la kushoto limezidi.

Kliniki iliyonifanyia, kila nikienda wananisomesha chati. Nasoma mpaka mstari wa chini, wananiambia "unaona 6/6, ubongo utazoea". Safari ya mwisho wimbo ukabadilika: eti kuna utando umeanza nyuma ya lenzi, wanipige leza ya YAG, kazi ya dakika chache, na yote yataisha. Tarehe wameshanipa.

Nikubali? Na kuna mtu humu aliyewahi kutolewa lenzi hizi akawekewa za kawaida?

Tafadhali msiniambie niliyataka mwenyewe. Hiyo nimeshaambiwa nyumbani, inatosha.

Mzee wa Busara

Pole dada. Mimi nilianza hivyo hivyo. Pete zilikuwa kubwa, nikawa nalaani siku niliyosaini ile fomu. Zikawa zinapungua taratibu, na mwaka ulipotimia nikawa sizioni mpaka nizitafute kwa makusudi. Ubongo unajifunza kuzipuuza. Vumilia, usilichokonoe jicho.

Tuliza Boli

Mzee wangu, kwa heshima zote, hii "vumilia" imetuponza wengine.

Mimi pia niliambiwa nivumilie, halafu nikaambiwa ni utando, nikapigwa leza. Hakikubadilika kitu. Nikatafuta daktari mwingine anibadilishie lenzi. Akanieleza kwamba leza ya YAG inatoboa ukuta wa nyuma wa kile kifuko kinachobeba lenzi. Kikishatobolewa, kuitoa lenzi kunakuwa na hatari zaidi: ute wa ndani ya jicho unaweza kuja mbele, na lenzi mpya inaweza kukosa pa kukaa vizuri. Alisema inawezekana, ila si kazi ya kukimbilia. Mpaka leo nimebaki nazo.

Kiti cha Nyuma

Hivi miwani ina ubaya gani jamani? Naipenda yangu, inaficha hata uchovu.

Mpima Macho

Kipepeo, kazi yangu ni kupima macho. Si daktari mpasuaji, na jicho halipimwi kwa maandishi. Lakini kuna swali moja ambalo nashangaa hukuulizwa: jicho la kushoto liliwahi kuona vizuri baada ya upasuaji, ndipo likaharibika? Au lilikuwa hivi tangu bandeji inatolewa?

Hapo ndipo penye uamuzi. Utando wa nyuma ya lenzi unatokana na seli za lenzi ya asili zilizobaki kwenye kifuko. Huota taratibu, kwa miezi hadi miaka. Mtu wa utando atakwambia "nilikuwa naona safi, sasa kuna ukungu". Huyo leza inamfaa sana, na ni tiba ya kawaida, msiiogope bure. Lakini kama pete zilikuwepo tangu siku ya kwanza, kifuko kikiwa bado safi, basi zinatoka kwenye lenzi yenyewe au kwenye kitu kingine, na kutoboa kifuko hakutaziondoa. Kutakufungia mlango wa kubadilisha lenzi kirahisi, basi.

Jaribu na hili. Ukiwa unaangalia taa, pepesa macho mara kadhaa. Kama picha inatulia sekunde chache kisha inachafuka tena, macho yako ni makavu. Ukavu baada ya upasuaji huu ni wa kawaida mno, na mwenye maltifokali huusikia kuliko mwingine, kwa sababu lenzi hizo zinagawa mwanga. Mwanga ukishagawanywa, dosari ndogo juu ya jicho inaonekana kubwa.

Halafu waulize namba iliyobaki. Hata nusu namba, au astigmatizimu kidogo (uso wa jicho usio duara sawasawa), inatosha kuharibu usiku. Wakuvalishe fremu ya majaribio yenye namba hiyo, utoke nje gizani uangalie taa. Pete zikipungua, umepata sehemu ya jibu bila kuguswa. Na wapige picha ya OCT, kipimo kinachoonyesha tabaka za retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, maana uvimbe katikati ya retina unaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya upasuaji na hauonekani kwa kusoma chati.

Kuhusu hiyo 6/6 yao: chati ina herufi nyeusi tii kwenye weupe. Haipimi ngazi zenye mwanga hafifu wala maandishi ya kijivu. Unaweza kusoma mstari wa chini na bado lalamiko lako likawa la kweli kabisa.

Mzee wa Busara

Hapo kwenye ukavu umenikumbusha. Na mimi nilipewa machozi ya bandia miezi ile. Sikuyahesabu kama tiba.

Jirani Mwema

Aliyebadilishiwa ni mimi. Jicho la kulia, wakatoa maltifokali wakaweka ya umbali mmoja. Daktari alitaka tusichelewe sana kwa sababu kifuko huwa kinaishika lenzi kadiri muda unavyokwenda, lakini pia hakukubali mpaka amalize kutibu ukavu na kupima upya. Upasuaji wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilivimba na nikakaa wiki kadhaa naona ukungu. Baada ya hapo usiku ukarudi kuwa usiku. Sasa kusoma lazima nivae miwani, ile ile niliyolipa ili niikimbie. Naivaa na sina kinyongo.

Omba kadi ya lenzi zako, ile inayoonyesha aina na namba ya lenzi uliyowekewa, na vipimo vya kabla ya upasuaji. Kila daktari mpya atavitaka, na ni haki yako kupewa.

Chuma cha Pua

Samahani kuingilia uzi. Mimi nilifanyiwa upasuaji huu mwaka jana, nilikuwa na miwani ya namba kubwa ya kuona mbali. Tangu juzi naona mimweko pembeni ya jicho moja na vidoa vyeusi vinaelea. Hakuna maumivu. Nayo ni ya kuzoea?

Mpima Macho

Chuma, hapana. Nenda hospitali yenye daktari wa macho leo hii, usisubiri miadi, na uwaambie maneno hayo hayo uliyoandika hapa. Wenye macho ya namba kubwa wako kwenye hatari zaidi ya retina kuchanika au kubanduka baada ya lenzi kutolewa, na retina haiumi. Ukiona kivuli kinaanza kufunika upande, ni dharura. Kipepeo, na wewe ulikuwa na miwani minene, kwa hiyo lishike hili.

Na wengine mnaosoma: maumivu makali, jicho jekundu na kuona kunashuka siku za mwanzo baada ya upasuaji, hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra, lakini hapo zinahesabiwa saa.

Chuma cha Pua

Nimerudi. Retina ilikuwa imechanika, haijabanduka. Wameizungushia leza, nimeambiwa nisikose kurudi wanichungulie tena. Mungu akubariki ndugu.

Kipepeo54

Mrejesho, na pole Chuma.

Nilikwenda kwa daktari asiyehusiana na kliniki ile. Jibu la swali la Mpima Macho: jicho la kushoto halijawahi kuwa safi, tangu siku ya kwanza. Amepanua mboni akaangalia, anasema utando upo lakini ni mwembamba, hauwezi kueleza ninayoyaona. Retina ni nzima. Macho ni makavu kweli, na la kushoto limebaki na astigmatizimu. Kwa fremu ya majaribio pete zilipungua, hazikuisha.

Leza nimeiahirisha. Walipiga simu kuuliza kwa nini, nikawaambia nataka kadi ya lenzi kwanza. Kimya kidogo, kisha wakasema nije niichukue.

Kwa sasa natumia machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, kitambaa cha uvuguvugu kwenye kope asubuhi na jioni, na miwani myepesi ya usiku. Akishanipima upya, kama la kushoto halijatulia, tutazungumza kubadilisha lenzi. Jirani Mwema, jicho lako la pili ulilibadilisha baada ya muda gani?

Jirani Mwema

Sikulibadilisha kabisa. Lina pete zake mpaka leo, ila kwa kuwa la kulia liko safi hazinisumbui, na kwa vitu vya karibu linanisaidia kusoma ujumbe bila kutafuta miwani. Wakifikia kukubadilishia, anza na la kushoto peke yake, ukae nalo, ndipo uamue la pili.