Tupeane uzoefu: shahada moja, makwao tofauti, mshahara unaachana wapi?

Mleta uzi: Wakuu, vijana wawili wana shahada moja na ufaulu uleule. Mmoja kalipiwa ada na wazazi, mwingine kasoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu). Tuwekeeni hesabu. Hadithi za "kujituma" tuziache kwanza.

Afisa Mishahara: Chukua mtumishi wa umma, mshahara wa msingi 800,000. PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% ni 40,000. Kodi kwenye 760,000 iliyobaki ni 68,000. Bima ya afya 3%, 24,000. Mkononi 668,000. Mwenye mkopo anakatwa 15% ya mshahara wa msingi, siyo ya kinachobaki, kwa hiyo 120,000 nyingine inaondoka na anabaki na 548,000. Deni la milioni 12 kwa kasi hiyo ni miezi 100.

Mama Ajira: Mkuu, makato yana mwisho. Pengo kubwa linaanzia kwenye kusubiri. Wa kwanza anajitolea miezi sita bila posho, analala na kula kwao. Wa pili anadaiwa kodi ya chumba, basi anasaini kazi ya kwanza inayokuja: 600,000 badala ya 900,000. Nyongeza ikiwa 5% kwa mwaka kwa wote, baada ya miaka 10 ni kama 977,000 kwa 1,466,000. Pengo la laki tatu limekaribia laki tano, na hakuna aliyezembea. Ukihama, mwajiri mpya anaomba hati ya mshahara wa zamani na kukuongezea kidogo juu yake. Ulizia kwanza cheo hicho kinalipwa kiasi gani sokoni, utaje kiwango chako kabla hawajaomba hiyo hati.

Mjomba wa Vicoba: Mmesahau nyumbani. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali imefutwa tangu 2022, lakini godoro, sare na nauli ya mdogo wako bado vinakusubiri wewe. Kinachoumiza ni kutuma kila ukipigiwa simu, halafu unaziba kwa mikopo ya simu. Tenga kiasi kimoja, kitume siku ya mshahara, na wazee wakijue.

Afisa Mishahara: Sawa kabisa, mjomba. Nyongeza kwa wenye mkopo: linganisheni hati zenu za mshahara na taarifa ya deni ya Bodi ya Mikopo. Kuna waajiri wanakata na hawapeleki, na kuna deni linaisha makato yakaendelea. Tunza hati zote. Bila hizo kudai ulichokatwa zaidi ni kazi.