Naombeni ushauri: kitabu cha vibonzo cha darasa langu, nichapishe kwa rangi au nyeusi na nyeupe?

Kalamu_Nene (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, na kejeli tuziweke kando, maana usingizi sina.

Nafundisha watoto kuchora vibonzo kila Jumamosi huku Mbagala, kwenye ukumbi tunaoazimwa na serikali ya mtaa. Bure kabisa. Wanakuja wa kila aina: wa shule za kata, wawili walioacha shule, dogo mmoja mtoto wa fundi baiskeli anayechora magari kunizidi mimi, na mabinti ni wengi kuliko wavulana, kitu ambacho enzi zangu hakikuwepo. Wengi walianza kwa kunakili katuni za Kijapani wanazoziona kwenye simu. Sasa hivi wanachora daladala, foleni ya maji, bibi muuza kachori. Ukiwaona unasema hawa watafika.

Kuna taasisi imeona kazi zetu, inataka tutoe kitabu kimoja, kurasa 32, nakala 1,000 za kugawa mashuleni. Swali langu: ndani niweke rangi, au rangi iwe jalada tu? Jalada linatakiwa kiwandani wiki ijayo. Nimekwama.

Pleti Nne
Umeingia kwenye kazi yangu mkuu. Ndani weka nyeusi na nyeupe. Rangi kamili kwenye ofseti ni pleti nne (yale mabamba ya kuchapia) kila upande wa shiti, nyeusi ni pleti moja. Kwa nakala 1,000 kinachouma ni pleti, karatasi inafuata. Kurasa 32 umepatia, inagawanyika kwa nne, unapiga pini mbili katikati basi. Karatasi ya ndani isishuke chini ya gramu 100 kwa mita ya mraba, wino mweusi mzito unaonekana upande wa pili. Na michoro ipigwe skana, usije na picha za simu zenye kivuli cha kichwa chako.

Babu wa Keko
Umenipeleka mbali kijana. Sisi tulisubiri jarida la vibonzo la Sani kama mshahara. Wahusika wake: Lodilofa, Ndumilakuwili, Pimbi! Nakala moja inasomwa na mtaa mzima, ikikufikia wewe haina jalada wala ukurasa wa mwisho, mwisho wa kisa unasimuliwa na aliyesoma kabla yako, naye anaongeza ya kwake. Nilimchora Pimbi kwa mkaa ukuta wa jikoni, nikala fimbo. Endelea kufundisha, watoto wana bahati.

Mama Wawili Tanga
Mimi nauliza tofauti. Hao mabinti wanarudi nyumbani saa ngapi? Wazazi wanajua wako wapi? Sanaa nzuri sikatai, ila mtoto wa kike na ukumbi wa mtaa, lazima awepo mwanamke mtu mzima hapo. Siku hizi tunajuta tukiwa tumeshachelewa.

Kalamu_Nene
Mama, shikamoo. Saa nane mchana tumemaliza, na mama mmoja mjumbe anakaa nasi mwanzo mpaka mwisho. Wazazi wanajua. Wengi wao.

Pleti Nne, asante sana. Gramu 100 itapandisha bei kiasi gani?

Wakili wa Kijiweni
Mleta uzi, kabla ya gramu. Watoto ni wengi, kitabu ni kimoja. Hadithi iliyomo ni ya nani? Na kwenye jalada kumeandikwa jina la nani?

Kalamu_Nene
Hadithi ni ya darasa kwa ujumla. Jalada liko vizuri tu. Naomba tubaki kwenye uchapaji, muda hautoshi.

Wa Goma
Salamu toka Goma. Hapa Kongo vibonzo ni kazi ya heshima. Barly Baruti, mchora vibonzo mwana wa Kisangani, alianzisha kule Kinshasa mwaka 1990 karakana ya kufundisha vijana, ACRIA. Yeye hakusubiri serikali. Hata leo ukimpa kijana wa hapa daftari, atakuchorea vita, volkano na harusi katika ukurasa mmoja. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, nikaacha kwa sababu ya biashara ya simu. Inaniuma mpaka leo. Usiache, ndugu.

Dogo Penseli
Wa Goma, nami niliacha. Shikeni mikono tulie pamoja 😂
Ila mleta uzi umeulizwa JINA. Umejibu kuhusu muda.

Wakili wa Kijiweni
Nasubiri.

Kalamu_Nene
Sawa. Naeleza, ila someni mpaka mwisho.

Hadithi ni ya binti mmoja wa miaka 15. Ni kiziwi. Alikuja na daftari la hesabu limejaa fremu tangu ukurasa wa kwanza, kisa cha msichana anayechota maji usiku. Mimi nikaichora upya yote kwa wino, nikaongeza maneno kwenye viputo maana yeye aliweka machache sana. Jalada linasema "Hadithi na michoro", kisha jina langu. Yeye yumo ukurasa wa mwisho kwenye shukrani, pamoja na wenzake. Mkataba nimeshasaini na nusu ya malipo nimeshapokea. Imelipa deni la karatasi na wino wa darasa, nyingine imeenda kwenye kodi ya chumba changu.

Kabla hamjanirukia: kushika kalamu ya wino nimemfundisha mimi. Mistari yote inayokwenda kiwandani ni ya mkono wangu. Mtoto wa miaka 15 hawezi kusaini mkataba, na taasisi walitaka msanii mmoja wa kushughulika naye. Ningeleta majina kumi mradi ungekufa, na darasa lingekufa nao. Nilifikiri kitabu cha kwanza kitoke hivi, cha pili ndiyo kiwe na jina lake.

Mama Wawili Tanga
Mama yake anajua?

Kalamu_Nene
Anajua binti yake anakuja darasani. Kuhusu kitabu bado sijamwambia, nilitaka nimpelekee kikiwa kimetoka, iwe furaha.

Dogo Penseli
Furaha ya kusoma jina la mwalimu. Aisee.

Chumvi Kidogo
Wakuu, mnakunywa chai nyingi humu. Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Taasisi haina jina. Mtoto ni binti, ni kiziwi, ana kipaji, na mwalimu anadaiwa kodi. Vyote kwa mkupuo mmoja? Huyu anatunga andiko la kuombea ufadhili, anatupima machozi. Mkikaa vizuri mtaona namba ya kuchangia.

Dogo Penseli
Daah, nami nilianza kuhisi. Mleta uzi tupia ukurasa mmoja tuamini.

Kalamu_Nene
Siwezi kuweka mchoro wa mtoto hapa bila ruhusa ya mama yake.

Chumvi Kidogo
Ruhusa umeikumbuka leo?

Babu wa Keko
Chumvi, hapo umempiga mahali penyewe. Lakini mwache aseme, mtu anayetunga angejisifia zaidi.

Kalamu_Nene
Namba ya kuchangia sina na sitaweka. Nitawaeleza ukurasa mmoja, mwenye kuamini aamini.

Ni ukurasa wa saba kwenye daftari lake. Fremu ya kwanza ni ndoo ya maji peke yake, juu ya maji kuna viduara viwili vitatu. Ya pili ni ndoo ileile, viduara vimejaa mpaka ukingoni, na nyuma yake kuku wawili wameinua shingo wanaangalia upande mmoja. Ya tatu, kanga iliyoanikwa imevutwa upande, pindo limenyooka. Ya nne ndiyo taa za lori, zimejaza fremu nzima. Neno hata moja hakuna. Nilipomuuliza kwa kumwandikia, kwa nini lori halina mlio, alinishika mkono akauweka kwenye ukuta wa ukumbi. Barabara iko karibu, malori ya Kilwa Road hayakomi. Ukuta unatetemeka.

Mimi nikaandika NGURUUUM kwa herufi nene juu ya fremu tatu, ili msomaji aelewe.

Mama Wawili Tanga
Mwanangu wa kwanza ni kiziwi. Sikusema mwanzo kwa sababu sikuona inahusu. Lori likipita kwetu anaweka kiganja mezani, ananitazama kama anauliza na mimi nimelipata? Hili halitungwi na mtu asiyeliona, Chumvi.

Mwalimu, hilo neno lako kubwa limekaa wapi kwenye fremu ya pili?

Kalamu_Nene
Juu, upande wa kushoto.

Mama Wawili Tanga
Kwenye kuku?

Kalamu_Nene
Ndiyo. Limefunika kuku.

Chumvi Kidogo
Hapo kwenye kuku nanyamaza. Taasisi bado nina wasiwasi nayo, lakini ukurasa huo naukubali.

Wakili wa Kijiweni
Sasa tuongee sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza kazi inapobuniwa, haisubiri usajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Kwa hiyo tangu siku daftari lile lilipojaa, haki ni ya binti, na miaka 15 haimwondolei. Asichoweza ni kujifunga kwa mkataba, hapo anaingia mzazi au mlezi. Mwanafunzi wa darasa la bure si mwajiriwa wako, usijifiche huko. Wino wako una haki yake kama kazi iliyotokana na nyingine, ila ulitakiwa upate ridhaa kwanza. Na haki ya kutajwa jina ni ya aliyebuni hata kama hela yote amekupa wewe. Umesaini kutoa kitu ambacho si chako peke yako. Hilo linamgusa binti, na linaigusa taasisi pia, ndiyo maana watakusikiliza.

Wa Goma
Majina mawili kwenye jalada si aibu. Madame Livingstone ya 2014, ile hadithi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika, ina Christophe Cassiau-Haurie aliyeandika na Baruti aliyechora. Wote wawili wako mbele. Andika "Hadithi" jina lake, "Wino" jina lako. Nani atakucheka?

Babu wa Keko
Nimekaa nikafikiri. Lodilofa namjua tangu utoto. Jina la mchoraji wake, Philip Ndunguru, nimekuja kulijua ukubwani, wakati mwenyewe alishafariki 1986 na wenzake wakaendelea kuwachora watu wake. Chakubanga wa gazeti la Uhuru vilevile, wangapi humu wanamtaja Christian Gregory aliyemchora? Mchora vibonzo Gado tunamjua tangu alipotoka Dar kwenda gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992 kwa sababu sahihi yake ilikuwa pale chini kila siku. Huyo binti hatapita redioni kujieleza. Sahihi yake ndiyo mdomo wake hapa mjini. Mrudishie.

Kalamu_Nene
Nimesoma yote. Bado naamini nilikuwa nalinda darasa, siwezi kusema uongo kwamba siamini. Ila hilo la kuku limenikaa.

Nimempigia mtu wa taasisi. Amesema jalada linaweza kusubiri mpaka Jumatano, mabadiliko ya mkataba nilete kwa maandishi. Mama yake anauza samaki Feri, anarudi jioni, kesho naenda na dada mkubwa wa binti anayejua lugha ya alama ili mwenyewe asikilizwe, asisemewe. Hela iliyoingia kwenye kodi sina ya kurudisha leo.

Wakili wa Kijiweni
Usiahidi chochote cha hela kwa mdomo. Mwambie mama umepokea kiasi gani, mweleze nusu iliyobaki, muulize anataka nini na binti anataka nini, muandike, msaini wote. Ukikwama kwenye maneno niandikie pembeni.

Mama Wawili Tanga
Na ukifika muulize binti kama anautaka huo wino wako. Huenda anataka penseli yake ibaki.

Pleti Nne
Penseli nayo inachapika, ila ipigwe skana ya kijivu na kiwanda waambiwe mapema. Mkuu, piga simu asubuhi uwaambie wasichome pleti za jalada. Kabla hazijachomwa kubadilisha jina ni bure, zikishachomwa unalipa upya.