Beringi za trela: nati ikazwe kiasi gani?

Mkulima wa Njia ya Kipushi

Ndugu zangu, habari za leo. Ninayo trela ya ekseli moja, isiyo na breki, inayovutwa na pikapu kubeba mahindi na mbolea kati ya shamba letu la upande wa Kipushi na mji wa Lubumbashi. Beringi za gurudumu la kulia zilipoanza kunguruma, fundi mmoja alifunga nyingine, akakaza nati kwa spana ndefu mpaka ikagoma, akasema hivyo ndivyo gurudumu halitacheza. Katika safari ya kwanza tu habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ilipata moto hata haishikiki, na grisi ikavuja kwa nyuma ikachafua rimu yote, ilhali gurudumu la kushoto, ambalo halikuguswa, lilikuwa vuguvugu tu. Nimekwisha kununua seti nyingine pamoja na sili ya kuzuia grisi isivuje, na safari hii nataka kazi ifanyike mbele ya macho yangu. Naomba mnifahamishe nati inakazwa kiasi gani na nitatambuaje kwamba imetosha, maana mvua zinakaribia na mbolea haina budi kufika shambani kabla ya kupanda.

Fundi wa Katuba

Pole sana, Papa Mkulima. Beringi za trela kama yako kwa kawaida ni za koni, kubwa ikikaa ndani na ndogo nje, na roli zake zimelala mshazari. Kwa sababu hiyo, kila unapokaza nati unaisukuma koni, yaani pete ya ndani yenye roli, ndani ya kikombe chake, yaani pete ya nje iliyobanwa kwenye habu. Ukizidisha, roli zinakosa nafasi, grisi inakamuliwa na chuma kinasuguana na chuma. Moto ukishaanza, koni na roli hutanuka na kubanana zaidi.

Inua trela kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono mmoja huku ukikaza nati kwa spana ya kupimia nguvu hadi takriban niutoni mita 68, ili roli zikae sawasawa na grisi ya ziada isogee. Acha kuzungusha, legeza nati iwe huru kabisa, kisha ikaze kwa vidole vitupu hadi iguse. Tundu la pini lisipolingana, rudisha nati nyuma hadi tundu la karibu, usiisogeze mbele hata kidogo, halafu tia pini mpya. Utaona nati inatikisika kidogo chini ya pini. Iache hivyo hivyo.

Dereva wa Kasumbalesa

Mimi sikubaliani na mambo ya vidole. Barabara zetu zina mashimo, na nimewahi kuona gurudumu la trela likichomoka na kuingia porini kwa sababu ya nati iliyolegea. Heri ibane kuliko icheze.

Fundi wa Katuba

Yaya Dereva, hofu yako ina msingi, kwa kuwa beringi iliyolegea sana hugongagonga kikombe, huharibu sili na hulifanya gurudumu liyumbe. Lakini kinachoizuia nati isifunguke ni pini, wala si nguvu ya kukaza. Na beringi iliyobanwa huungua, roli zikasagika, na mwisho wake gurudumu huchomoka vilevile. Nafasi inayotakiwa ni ndogo mno, takriban milimita 0.03 hadi 0.13: ukishika tairi juu na chini ukalitikisa, mkono unahisi mchezo ambao jicho halioni kwa urahisi.

Papa Mkulima, je, vikombe vilibadilishwa? Na ncha ya ekseli ina rangi gani?

Mkulima wa Njia ya Kipushi

Leo tumefungua. Vikombe ni vile vya zamani, vina madoa kama vijishimo pale roli zinapopita. Koni ya ndani imegeuka buluu, ila ncha ya ekseli ni nyeupe na laini, na koni mpya inaingia kwa mkono bila kugongwa.

Fundi wa Katuba

Basi ekseli imenusurika. Kama ingekuwa na buluu au mikwaruzo, ningekusihi usiipakie mzigo. Vikombe vyote viwili vitoke, kwa sababu koni mpya juu ya kikombe chenye vijishimo huharibika mapema, hata ukiikaza kwa usahihi wote. Kipya kipigwe kwa kipande cha shaba, huku na huku ili kisiingie upande, sehemu yake pana ikitazama nje ya habu. Sikiliza nyundo: sauti ikigeuka kuwa nzito na kavu, kikombe kimefika chini. Kikizunguka chenyewe ndani ya habu, habu hiyo imekwisha.

Osha grisi yote ya zamani kwa mafuta ya taa na ukaushe kwa kitambaa. Nawasihi vijana wa gereji waache kuzipuliza beringi kwa hewa ya kompresa mpaka zikapiga mluzi, maana roli inaweza kuruka ikamtoboa mtu jicho. Grisi iwe ya beringi za magurudumu, daraja la 2 la ugumu (NLGI 2), ya aina moja tu bila kuchanganywa. Weka bonge kwenye kiganja, gandamiza upande mpana wa koni juu yake hadi grisi itokeze upande wa pili, kisha geuza na kurudia mpaka umalize mzunguko. Mdomo wa sili uelekee ndani, kwenye grisi.

Mkulima wa Njia ya Kipushi

Nashukuru sana. Na baada ya kufunga, niipakie mara moja?

Fundi wa Katuba

Itembeze kwanza tupu kama kilomita 15, usimame, uguse habu zote mbili kwa tahadhari. Uvuguvugu unaolingana ni sawa. Ikiwa ya kulia ni moto kuliko ya kushoto, irudishe kwenye jeki kabla ya kupakia gunia lolote. Nati za rimu nazo zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi. Halafu ya kushoto ifunguliwe wiki hiyohiyo, kwani imebeba mzigo uleule.