Msafara wa magari ya zamani hadi Longonot: barabara ya chini au ya juu?

PointiNaPlagi
Wadau, salaam. Klabu inapanga kutoka Nairobi hadi lango la Mlima Longonot. Magari ni Beetle 1300 mbili, Peugeot 504 tatu, Datsun 1200 na Mercedes W123 moja. Wengi wanataka barabara ya chini, Rironi hadi Mai Mahiu, ili waone Bonde la Ufa lote. Wengine wanahofia mteremko na malori, wanataka ya juu, inayopita Kimende hadi Naivasha. Tuandae nini? Halafu Datsun limetoka Mombasa, na huku juu linatoa moshi mweusi.

FundiDramu
Kwenda, piteni ya chini. Ni barabara nzuri mno kuikosa. Ila breki zikaguliwe wiki moja kabla, si asubuhi ya safari.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi; ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukikanyaga mfululizo nyuma ya lori mteremko wote ule, mafuta yaliyozeeka yanachemka na mvuke unaingia kwenye paipu. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu unazama na gari halishiki. Badilisheni yote; lita moja kwa gari inatosha. Toeni upepo kwenye paipu za breki mkianzia gurudumu la mbali na masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali). Kwa usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. DOT 4 inaweza kuingia palipokuwa na DOT 3, lakini DOT 5 ya silikoni isichanganywe kamwe.

Beetle zenye dramu magurudumu yote zina tatizo lao. Dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) ikipata moto hutanuka na kuachana na shu zinazoisugua kwa ndani, hivyo pedali hushuka hata mafuta yakiwa mapya. Kaza vijinyota (vijigurudumu vyenye meno) vya kurekebishia shu hadi gurudumu ligome, kisha rudisha meno mawili au matatu mpaka lizunguke.

Teremkeni na gia ambayo mngepandia palepale. Mtu asiweke fri (kutoa gia) hata mita kumi. Karibu na mwisho wa mteremko kuna kanisa dogo la mwaka 1942, lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano waliotengeneza barabara hiyo. Simameni hapo breki zipoe.

DadaKabureta
Mimi nahofia kurudi kuliko kwenda.

Kwanza Datsun. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, bado inamwaga petroli ya kipimo cha Mombasa. Punguza jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli) saizi moja au mbili, safisha plagi, endesha kilomita 20, uzitazame tena. Ncha ikiwa kahawia hafifu umepatia. Ikiwa nyeupe umepunguza mno, na injini itachemka. Kila mita 300 za kupanda huondoa takriban asilimia 3 ya nguvu, kwa hiyo hakuna gari hapo litakalopanda kama pwani.

Kurudi alasiri, mkitambaa nyuma ya malori, petroli huchemka ndani ya paipu kabla ya kufika kabureta, kwa sababu huku juu huchemka mapema. Injini inakohoa na kuzima. Hamisheni paipu mbali na ekzosi na mbebe kitambaa na maji ya kupoza pampu ya petroli. Msifunge pampu ya umeme yenye presha kubwa: sindano ya kabureta itashindwa, petroli imwagikie injini ya moto.

Beetle: mkanda wa feni ubonyee milimita 15 hivi, na wa akiba uwemo pamoja na spana ya 21. Taa ya jenereta ikiwaka, zima injini papo hapo, maana mkanda huohuo ndio unaoipoza. 504 zenye feni ya sumaku (inayoshikwa kwa umeme injini ikipata moto) zikaguliwe brashi ya kaboni inayopeleka umeme huo. Ikiisha, feni haishiki na rejeta inachemka mlimani.

PointiNaPlagi
Asante sana dada, asante fundi. Na pedali ikilegea katikati ya mteremko?

FundiDramu
Kanyaga na kuachia pedali haraka haraka, shuka gia moja moja, elekea upande wa ukuta wa mlima. Ukisimama, usivute hendibreki dramu zikiwa moto. Weka mawe kwenye magurudumu na uliache kwenye gia ya kwanza. Maji yasimwagwe, dramu itapasuka. Subiri nusu saa au zaidi. Pedali ikirudi kuwa ngumu, lilikuwa joto, shukeni na gia ya kwanza. Ikibaki laini, kuna uvujaji au hewa: iteni gari la kubebea. Kamba ya kuvutia haifai mteremkoni kwa gari lisilo na breki.

MzeeWaUkingo
Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, si taslimu. Magari hubaki langoni. Hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi kwa miguu, kuuzunguka ni 7.2, na kilele kiko mita 2,776. Jumla ni saa nne hadi tano, na juu hakuna maji, kwa hiyo kila mtu abebe angalau lita mbili. Njia ni majivu ya volkano, laini kama unga: fungeni vioo mkiegesha, na jioni mkung'ute vichungi vya hewa. Kurudi, mkiona foleni ya malori Mai Mahiu, geukieni Naivasha mpite barabara ya juu. Inapanda juu zaidi lakini polepole. Washeni taa mapema, maana Kimende hushuka ukungu.