Nimeanguka na pikipiki ya mkataba, tajiri (mwenye pikipiki) kaichukua. Na je hii elementi (helmeti) bado inafaa kuvaliwa?

Dereva_Kibamba

Habari zenu wakuu. Mimi ni bodaboda huu mwaka wa 4, kijiwe chetu kipo upande wa Kibamba kule Morogoro Road. Wiki mbili zilizopita nimetoka kushusha abiria narudi kijiweni kama saa 2 usiku, kumbe kuna lori lilimwaga mchanga pale kwenye kona ya kuingilia barabara ya pembeni, sikuuona mpaka nipo juu yake, tairi la mbele likateleza nikalala na chuma upande wa kushoto. Kichwa kilipiga lami, ule mlio nausikia mpaka leo nikilala. Namshukuru Mungu nilikuwa nimevaa elementi na siku hiyo nilifunga mkanda, maana wengi wetu huwa tunaitupia tu kichwani ili trafiki aone. Bega lilitoka, mkono ukachubuka mpaka kwenye kiwiko, nikalala ndani siku 11.

Sasa nina mambo mawili naombeni msaada.

La kwanza, pikipiki ni ya mkataba. Elfu 10 kwa siku Jumatatu mpaka Jumamosi, miezi 14, nikimaliza kadi inahamia jina langu. Nimeshapiga miezi 9, daftari langu linasoma 2,340,000. Hatukuandikishana kitu, ni mtu wa mtaani kwetu namheshimu kama kaka yangu, tulikubaliana kwa mdomo mbele ya mwenyekiti wa kijiwe. Siku ya tatu toka nianguke akapiga simu kuuliza hesabu (ile hela ya kila siku), nikamwambia kaka mkono umefungwa hata kijiko sishiki. Siku ya 9 akatuma vijana wawili wakaja kwa mama wakaondoka nayo na vioo vyake vya pembeni vimevunjika hivyohivyo. Sasa anasema ananidai elfu 90 ya siku nilizolala, mkataba umekufa, na hela yote niliyopeleka ilikuwa ni ya kutumia chombo tu. Kweli hii iko sawa jamani? Miezi 9 ya jua na mvua.

La pili, elementi. Kwa nje ina mkwaruzo tu ubavuni ukubwa wa kiganja cha mtoto na kioo cha mbele kimepasuka. Wenzangu wanasema badilisha kioo uendelee nayo, kuna dogo pale kijiweni anataka nimuuzie elfu 20. Nimuuzie?

Mzee_wa_Boxer

Pole sana mdogo wangu, shukuru upo hai unaandika. Nianze na hilo la pili maana la kwanza wapo wajuzi wake humu watakuja.

USIMUUZIE HUYO DOGO. Na wewe usiivae tena. Chukua hiyo elementi leo, toa ile sponji laini ya ndani pale ilipokwaruzika, chini yake utakuta lile povu gumu jeupe kama linalokujaga kwenye boksi la TV. Libonyeze kwa kidole gumba, halafu bonyeza upande wa pili ambao haukuguswa, linganisha. Ile ganda ya nje kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha na kusambaza pigo, lakini anayekuokoa ni lile povu, linabonyea badala ya ubongo wako kubonyea, na likishabonyea halirudi. Limeumbwa kufanya kazi mara moja tu. Hata usipoona tofauti usijidanganye, ukianguka tena upande uleule ni sawa na umevaa sufuria.

Mimi nilishawahi kuikata moja kwa msumeno pale gereji, mwenzetu aligongwa na daladala akapona, tukataka kujua kilichotokea. Ganda la nje lilikuwa na ufa mdogo kama unywele, huwezi kuuona mpaka uiweke juani. Ndani povu lilikuwa limebonyea mpaka limebaki nene kama chapati, pembeni yake nyufa zimetawanyika kama tope lililokauka. Tulikaa kimya kijiwe kizima, kila mtu anajishika kichwa. Siku ileile wanne wakatupa zile za elfu 15 walizokuwa wanavaa maana tulizifungua nazo tukakuta baadhi HAZINA povu kabisa, ni ganda na sponji ya godoro.

Ukienda kununua nyingine angalia mkanda wa kidevuni, kuna kitambaa kidogo kimeshonewa chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni, kile ndo kiwango cha Umoja wa Mataifa, ile namba ndefu ikianza na 05 ni toleo la zamani, 06 ni jipya la kuanzia 2021. Baada ya hiyo namba ukiona P maana yake imepimwa mpaka kidevu, J ni ile ya wazi usoni, NP ina kidevu lakini kidevu chake hakikingi kitu. Stika ya kubandika nyuma isikudanganye, stika inachapishwa popote.

Halafu saizi. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kidole kimoja juu ya nyusi kuzunguka mpaka nyuma. Ukiivaa mashavu lazima yabanwe kidogo, ukitikisa kichwa isicheze. Kisha funga mkanda, mwambie mtu aisukume kutokea nyuma kwenda mbele kwa nguvu, ikitoka hiyo haikufai hata kama ni ya laki 3.

Nusu_Wakili

Pole mkuu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, lakini kesi za boda za mkataba nazionaga sana ofisini kwetu kwahiyo nisikilize kwa makini.

Kwanza futa kichwani hiyo kauli kwamba hamkuandikishana basi huna kitu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo kama wote mlikubali kwa hiari, mna akili timamu na umri, na jambo lenyewe ni halali. Shida ya mdomo ni ushahidi. Wewe ushahidi unao mwingi kuliko unavyofikiria. Daftari ni moja. Hela ulikuwa unampa mkononi au kwa simu? Kama ni kwa simu hata nusu yake, nenda kwa mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya miezi yote 9, na meseji usifute hata moja, toka 2015 tuna sheria ya miamala ya kielektroniki na meseji inapokelewa mahakamani. Mwenyekiti wa kijiwe ni shahidi wa tatu, muombe aandike alichokisikia kwa mkono wake asaini.

Hilo la kusema ilikuwa ni hela ya matumizi, pigeni hesabu. Hapo kijiweni kwenu mtu anayeendesha pikipiki ya hesabu ya kawaida bila mkataba analaza shilingi ngapi? Kama ni elfu 7 na wewe ulikuwa unalaza elfu 10, ile elfu 3 ya juu kila siku ilikuwa ya nini? Swali hilo muulize mbele ya watu, ataona mwenyewe pa kukaa.

Utaratibu: usiende kwake peke yako na usiende na vijana. Anza ofisi ya serikali ya mtaa, omba muitwe wote wawili. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo ipo, pale hulazimiki kuwa na wakili, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Akikutishia polisi kwa ajili ya elfu 90 ujue deni ni madai, sio jinai. Ulifungua PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) siku ya ajali? Ile fomu na cheti cha hospitali ndo vinaonyesha kwamba hukulala kwa kutaka.

Tajiri_Pikipiki_3

Mimi nina pikipiki 3 zote za mkataba kwahiyo niongee upande wa pili, na naongea kwa nia njema. Sio kila tajiri ni mnyanyasaji. Nimeshapata dereva kauza betri na tairi zangu mpya akaweka kipara, mwingine kahama mkoa na chombo, nikaitafuta wiki 3 nikaikuta Chalinze. Pikipiki ya kwanza niliinunua kwa mkopo wa kikundi, dereva asipoleta mimi napigiwa simu na wenzangu. Ndo maana watu wanakuwa wakali.

LAKINI huyo kaka yako amekosea na nitamwambia hivyo hata usoni. Mtu katoka bega unamtumia vijana kwa mama yake? Mimi mkataba wangu umeandikwa ukurasa mmoja na nusu, umegongwa muhuri serikali ya mtaa, kuna kifungu kinasema dereva akiumwa au akipata ajali na akaleta cheti siku hizo zinasogezwa mbele, hazifutwi wala hazidaiwi. Mwisho wa mkataba unasogea tu. Kuna kifungu cha gereji pia, matengenezo ya kawaida ni ya dereva, injini kufa ni yangu. Na kama nikiivunja mimi kabla, kuna hesabu ya kumrudishia. Toka nianze kuandika sijagombana na mtu.

Kingine angalieni bima. Ile ndogo wanayokata wengi inamlipa mtu mwingine uliyemgonga au abiria kama umekata ya biashara, dereva mwenyewe na pikipiki havimo kabisa. Ndo maana leo mnagombania vioo vya pembeni.

Mama_Nai

Pole sana mwanangu, mwambie na mama pole. Mimi ni abiria tu, kila siku asubuhi boda mpaka kituo cha mwendokasi Kimara, jioni boda tena. Nimesoma hii mada yote sijaona mtu kataja kichwa cha abiria. Kwenye utafiti mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2008 walikuta elementi inapunguza kifo kwa asilimia 42 na kuumia kichwa asilimia 69, sasa huyo wa nyuma kichwa chake ni cha nini?

Nimeishi Kigali miaka 2. Kule dereva anakukabidhi elementi kabla hujakaa, hakuna mjadala, usipovaa haondoki. Hapa kwetu nikiomba naambiwa mama ni hapo tu karibu, au napewa imening'inia kwenye usukani toka asubuhi, imelowa jasho la watu 20, harufu ile unaijua. Nimesuka, nimevaa mtandio, naogopa mba na mapunye, nakataa. Nakubali tunakataa na sisi. Sasa hivi natembea na kofia ya nailoni ya kuogea kwenye pochi, naivaa chini halafu elementi juu, nikifika naivua. Siku dereva mmoja aliniletea elementi ya abiria safi imefuliwa sponji yake nilimwambia kuanzia leo wewe ndo wangu, na mpaka leo namlipa mia 5 zaidi kila safari.

Chuma_Mbili

Naongezea kwa Mama Nai, abiria asipovaa faini anakula dereva. Zamani ilikuwa elfu 30 kwa kosa, bajeti ya 2021 ikashushwa kwa pikipiki na bajaji ikawa elfu 10. Hiyo elfu 10 ndo hesabu ya siku nzima ya tajiri. Na ukiandikiwa omba namba ya malipo, usimpe mtu mkononi, unaweza kucheki namba yako ya pikipiki kwenye mfumo wa tms wa polisi uone unadaiwa nini. Kijiwe chetu tunachanga buku kila siku kwenye boksi, mtu akianguka anapewa elfu 10 kila siku kwa wiki ya kwanza ili tajiri asisumbue. Anzisheni na nyie.

Dereva_Kibamba

Wakuu nimerudi. Nimesoma kila mtu, asanteni kutoka moyoni.

Nilifanya kama mlivyosema. PF3 ninayo, taarifa ya miamala nimeitoa, 1,610,000 imepita kwenye simu, iliyobaki ni ya mkononi. Juzi tulikaa ofisi ya mtaa, mimi na mama, yeye na mke wake, mwenyekiti wa kijiwe alikuja na wenzetu wanne. Nilivyouliza lile swali la elfu 3 ya juu alikaa kimya muda mrefu, mke wake ndo akasema huyu kijana kapeleka hela, mimi nimeiona. Tumekubaliana elfu 90 haipo, siku nilizolala na hizi mpaka daktari aniruhusu zinasogezwa mbele, vioo na kioo cha taa tunagawana nusu kwa nusu. Safari hii imeandikwa na kugongwa muhuri, kopi yangu ipo kwenye bahasha kwa mama. Alinishika bega lile zima akasema dogo nisamehe, na mimi nimemsamehe.

Elementi nimeifungua. Mzee ulisema kweli, upande wa kushoto nikibonyeza kidole kinaingia na povu linatoa unga. Upande wa kulia ni gumu kama jiwe. Nimeikata mkanda ili asije mtu akaiokota akavaa. Yule dogo aliyetaka kuinunua alikuwa amekaa pembeni anaangalia, akaniomba ashike mwenyewe, akabonyeza pale. Kesho tunaenda wote Kariakoo. Nimejipima kwa futi nimepata sentimita 58, yeye 56. Kama kuna anayejua duka lenye zile za E kwenye mkanda mtaa wowote pale aniambie kabla ya asubuhi, na ya abiria nataka mbili ili moja ikiwa imefuliwa nyingine iwe kavu.