Mzee wodini anajibu vizuri lakini moyo wangu unakataa. Naombeni ushauri

NesiWaUsiku: Wakuu, habari zenu. Nina mgonjwa wa miaka 81, kafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mpole, ukimjulia hali anajibu "namshukuru Mungu, wewe hujambo?" Ila nikimuuliza kala nini, anamgeukia binti yake amjibie. Daktari anasema ni uzee. Nitajuaje kama ni uzee tu au akili inapungua?

Kipepeo77: Kumgeukia ndugu kila ukiulizwa si uzee tu, ni dalili. Maneno ya adabu hubaki hata kumbukumbu ikiondoka, ndiyo maana mnampita mkidhani mzima. Mpe maneno matatu, achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, halafu ayataje yale maneno. Ni Mini-Cog, kipimo kifupi cha kumbukumbu, alama 5. Akipata chini ya 3 achunguzwe zaidi.

BabaPacha: Bibi yangu alitusahau wajukuu wote, ila jirani mwenye deni lake hakumsahau hata siku moja 😂

MamaSubira: Vijana mnapima wazee kama watoto wa chekechea. Kaa naye, mshike mkono, mwite baba.

SistaMkongwe: Nesi, hali hii imeanza lini?

NesiWaUsiku: Nimeshasema, kalazwa kwa ajili ya nyonga.

SistaMkongwe: Hujanijibu. Lini?

NesiWaUsiku: Juzi jioni. Alipoingia alikuwa ananichambulia habari za gazeti. Sasa usiku anadonoadonoa shuka kama anaokota nyuzi, asubuhi anapata nafuu. Ila binti nilishamwambia baba ana dimenshia, ule ugonjwa wa akili na kumbukumbu kupungua polepole, ajipange. Kesho mzee anaweka sahihi karatasi za nyumba ili ahamie kwa binti. Familia lazima iandaliwe mapema, sioni ubaya.

SistaMkongwe: Ungeanza na hilo! Dimenshia haiingii kwa siku mbili. Kilichokuja ghafla, kinachopanda na kushuka, ni deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa au dawa, mpaka ithibitike vingine. Mwambie ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akifika Oktoba akaanza kuangalia dirishani, umakini haupo. Kipepeo, saa iache kwanza, atafeli hata kama ubongo wake ni mzima. Tafuta chanzo: maumivu, maambukizi ya mkojo au kifua, maji kupungua mwilini, choo kufunga, kibofu kujaa, dawa mpya. Miwani yake iko wapi? Na anayelala tu mchana kutwa mwogope zaidi. Huyo tunampita tukiandika "ametulia".

NesiWaUsiku: Lakini si anaweza kuwa na vyote viwili?

SistaMkongwe: Anaweza, na mwenye dimenshia hupata deliriamu kirahisi zaidi. Kwa hiyo muulize binti: miezi sita iliyopita alikuwa anahesabu fedha zake mwenyewe? Alipotea njia? Anarudia swali lilelile? Jibu lipo kwa aliyeishi naye.

JichoKali: Hii chai. Nesi gani hajui deliriamu? Wewe ndiye binti mwenyewe, unataka wakuu tuibariki sahihi ya nyumba.

BabaPacha: Eeh! Kumbe kuna nyumba.

MamaSubira: Nilihisi. Laana ya mzazi haina dawa, mwanangu.

NesiWaUsiku: Mimi si binti. Wodi moja, wagonjwa wengi, presha na joto tunapima, akili hatuulizwi kwenye ripoti. Nimefungua faili sasa hivi: aliandikiwa dawa ya usingizi usiku wa kuamkia juzi. Na tangu upasuaji hajapata choo.

Kipepeo77: Dawa ya usingizi kwa miaka 81! Mpigie daktari wa zamu, usingoje asubuhi.

JichoKali: Uwe nesi au binti, sahihi ya kesho isubiri. Akili yake ikitulia ndipo aulizwe mwenyewe kama anataka kuhama.

NesiWaUsiku: Daktari anakuja. Miwani ilikuwa kwenye droo, nimemvalisha. Binti hapokei simu, nimemtumia ujumbe karatasi zisubiri.

SistaMkongwe: Piga tena. Na uandike kwenye faili kwamba siku anaingia alikuwa anachambua gazeti, zamu ya asubuhi wasome.