Scratch, Code.org, GCompris au Kolibri: tuanze na kipi darasa la nne?

Mwalimu_Mikindani
Habari za jioni wadau. Nafundisha shule ya msingi hapa Mtwara, na muhula huu nimekabidhiwa chumba cha kompyuta. Mashine zinazowaka ni 11, zote za mezani, nyingi bado zina Windows 7. Darasa la nne lina watoto 52. Intaneti ni bando la simu yangu mwenyewe. Kipindi ni dakika 40.

Muhula uliopita watoto walikuwa wananakili daftarini sehemu za kompyuta na kuchora kibodi kwa rula. Kuna binti amechora kibodi nzuri mno, herufi zote zimekaa mahali pake, lakini hajawahi kubonyeza hata moja. Hilo limenikaa rohoni. Nataka mtoto akae mbele ya mashine afanye kitu.

Nimepekua nikabaki na hivyo vinne vya kwenye kichwa cha uzi, vyote vya kufundishia watoto kwa kompyuta. Naomba ushauri wa waliovitumia na watoto kweli.

Fundi_Nachingwea
Karibu mwalimu. Nianze na mashine, maana ndizo zitakazokuamulia.

Scratch ni ya mtoto kutengeneza michezo kwa kupanga vipande vya amri. Programu yake ya kuweka kwenye kompyuta, toleo la 3, inataka Windows 10 kwenda juu. Kwa Windows 7 una njia mbili. Ya kwanza, ufungue Scratch kwenye kivinjari: Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109 la mwaka 2023, na hiyo bado inaifungua. Ya pili, utumie Scratch 1.4, ya zamani lakini nyepesi, na haihitaji intaneti kabisa.

Code.org, tovuti ya kujifunza kuandika programu, ni nzuri, mafumbo yake yamepangwa hatua kwa hatua na mtoto hapotei. Ila imejengwa kwa ajili ya mtandao. Mashine 11 kwenye hotspoti ya simu moja, mwalimu, utaona zinavyogombania. Simu nyingi zinakataa zikifika vifaa 8 au 10. Bando lako litaisha kabla kengele haijalia.

GCompris ni mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia. Unaiweka mara moja, kisha intaneti unaisahau. Chukua toleo la zamani kidogo kwa mashine hizo.

Ticha_Masasi
Napingana kidogo na fundi. GCompris imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na darasa la nne wengi wako 9 au 10. Wataipenda wiki tatu, halafu wataanza kuuliza "na hii tu, mwalimu?"

Mimi nasema Scratch. Ilitoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ni bure, na kwenye toleo la 3 lugha unabadilisha kwenye menyu pale juu, Kiswahili kimo. Watoto wangu wa darasa la tano walitengeneza mchezo wa kudaka korosho: korosho inadondoka toka juu, paka anakimbia chini na kikapu. Wiki nzima walihangaika kwa nini korosho inaanzia katikati ya skrini. Nikawaonyesha kwamba katikati ya jukwaa ni sifuri, kulia unakwenda hadi 240, kushoto hadi -240, juu 180, chini -180. Mmoja akauliza, "Kwa nini namba ina alama ya kutoa mbele na hakuna kinachotolewa?" Namba hasi nilifundishia hapohapo, kwa sababu alikuwa anaihitaji ili korosho yake ifike chini.

Mwalimu_Mikindani
Ticha, umenitia hamu. Lakini wangu hata kipanya hawajui kukishika. Juzi nimewasha mashine moja nijaribu, mtoto akagusa kioo kwa kidole, akasubiri. Amezoea simu ya mama yake.

Ticha_Masasi
Hapo nakubali, mwalimu. Kama kipanya bado, anza na GCompris. Lakini iwe daraja la kuvukia, msijenge kambi.

Fundi_Nachingwea
Ndiyo maana yangu. Ina zoezi la picha iliyofunikwa: mtoto anasogeza kipanya na kufuta kifuniko kidogo kidogo mpaka picha yote ionekane. Hakuna kubonyeza. Zoezi linalofuata ndilo la kubonyeza, halafu kubonyeza mara mbili. Kwa kibodi kuna herufi zinazoshuka, anazibonyeza kabla hazijafika chini. Ongeza na Tux Paint ya kuchora. Nayo ni bure na haihitaji mtandao.

MamaWawili_Lindi
Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu wa miaka 6 anatumia ScratchJr, ile Scratch ya watoto wadogo, kwenye kishikwambi. Vipande vyake havina maneno, ni picha na mishale, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza. Nilipakua mara moja, sasa anacheza bila bando. Mwalimu, kama una kile kishikwambi walimu walichopewa baada ya Sensa ya 2022, kinaweza kusaidia wale wa darasa la kwanza na la pili.

Mwalimu_Mikindani
Asante sana dada, ninacho. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mwl_Ruangwa
Wadau, mnasahau watoto 41. Mashine ni 11, watoto 52. Hao wengine wanafanya nini dakika 40? Wakikaa wakitazama migongo ya wenzao, kipindi kimekufa.

Mimi hugawa darasa. Nusu wako kwenye mashine, wawili wawili au watatu. Nusu wako nje chini ya mwembe na mazoezi ya CS Unplugged. Yalianzia Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na ni ya kufundisha kompyuta bila kompyuta. Maelezo yako mtandaoni, unasoma nyumbani, unakuja na kichwa chako.

Lile la kadi wanalipenda kuliko yote. Watoto watano wanasimama kwa mstari, kila mmoja ana kadi. Wao hutumia nukta, mimi nabandika korosho mbichi kwa gundi: 16, 8, 4, 2, 1. Unataja namba, wanaamua nani aonyeshe kadi na nani aigeuze. Ukisema 21, inasimama 16, 4 na 1. Anayeonyesha ni 1, aliyegeuza ni 0, kwa hiyo 21 inasomeka 10101. Kisha waulize namba kubwa kabisa wanayoweza kutengeneza. Watabishana, watahesabu korosho moja moja, mpaka wafike 31. Muda wao umekwisha na hujatumia hata uniti moja ya Luku.

Baada ya dakika 20 makundi yanabadilishana.

Ticha_Masasi
Na wale wawili wawili, weka sheria: mmoja anashika kipanya, mwenzake anasema cha kufanya, wakipishana kila dakika 5. Usipoweka sheria, mwenye nguvu atakishika hadi mwisho na mwenzake, mara nyingi msichana, atabaki mtazamaji.

Mwalimu_Mikindani
Kolibri mbona hamjaigusa?

Fundi_Nachingwea
Ni nzuri, lakini ni maktaba. Unaiweka kwenye kompyuta moja nzima, unapakua masomo mahali penye intaneti au unayaleta kwa flashi, halafu mashine nyingine zinayafungua kupitia mtandao wa ndani. Ina hadithi za Kiswahili, video na mazoezi ya hesabu. Ila kwa somo la kompyuta lenyewe, mtoto atakuwa anatazama zaidi ya kutenda. Iweke muhula ujao.

Mwalimu_Mikindani
Nimeamua: GCompris wiki nne, kadi za korosho nje, kisha Scratch 1.4. Code.org nitaifungua kwenye kompyuta moja kwa projekta, darasa zima litatue fumbo pamoja.

Narudi na taarifa ya leo. Kipindi cha kwanza kimefanyika. Yule binti aliyechora kibodi nilimweka mashine namba 3. Alitafuta herufi A kwa macho si zaidi ya sekunde moja, akaibonyeza. Alikuwa anajua zote zilipo. Wenzake wakaanza kumuuliza.

Fundi, mashine namba 7 inazima yenyewe baada ya dakika kumi. Nianzie kuangalia wapi?

Fundi_Nachingwea
Fungua kasha, futa vumbi kwenye feni ya prosesa. Ikiendelea, nitumie picha ya ndani.